Kitenzi "Charge" Migodini: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Orodha hii imeandikwa kwa kijana wa Nyang'hwale, Ushirombo, Kakola au Kishapu anayekwenda kuomba kazi mgodini, cheti chake cha VETA kikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Imeandikwa pia kwa mama mwenye karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, kule Lwamgasa anayetaka kuandikishana na mgeni, na kwa yeyote aliyewahi kutia sahihi karatasi ya Kiingereza kwa sababu foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Haina upole. Inahusu kitenzi kimoja tu, charge, ambacho kuanzia Geita hadi Kahama na Mwadui mtu hukutana nacho mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana, na kila mara kina jambo lake: baruti, umeme, bei, kesi, dhamana. Ukikosea cha bei, utapoteza hela. Ukikosea cha baruti, hakuna atakayewahi kukusahihisha.

Usianzie kwenye simu. Anzia kwenye mzigo.

Wengi wetu tulilijua neno hili kwa njia ya simu. Minara ilifika vijijini kabla ya nguzo za umeme, na kila senta ikapata kibanda chake cha sola: unaacha simu, unalipa, unarudi jioni. Kuchaji kukawa Kiswahili. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na yule anayedhani kwamba maana ya simu ndiyo mama na nyingine zote ni watoto wake, halafu akisikia fundi anasema charge the holes anaanza kutafuta waya.

Kwa asili hili ni neno la wachukuzi. Kilatini cha enzi za mwisho kilikuwa na carricare, yaani kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa. Wafaransa wakalifanya charger, Waingereza wakalipokea kutoka kwao, na neno car limetokana na shina hilohilo. Msukuma aliyepakia pamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe akaipeleka kiwanda cha kuchambulia alikuwa akiifanya kazi ya kitenzi hiki bila kulijua jina lake la Kizungu.

Basi kila ukikutana nalo, uliza maswali mawili: mzigo ni upi, na anayetwishwa ni nani? Tundu la mwamba hutwishwa baruti. Betri hutwishwa umeme. Mteja hutwishwa bei. Mtuhumiwa hutwishwa kosa. Msimamizi hutwishwa dhamana. Ukishayajibu hayo mawili, vile vijineno vinavyofuata kitenzi, with, for, to, of, vitaacha kukuchezea.

Usikanyage palipo charged.

Kwenye mgodi wa wazi mzunguko wa kazi haubadiliki. Wachorongaji wanatoboa mwamba kwa mistari, wapakiaji wanashusha fataki kisha baruti, midomo ya matundu inazibwa kwa kokoto, watu wanaondolewa, mwamba unalipuliwa, moshi unasubiriwa uishe. Hatua ya pili ndiyo charging. Bulyanhulu, ambako kazi iko chini ya ardhi, hatua ni hizohizo, ila huko utasikia charge the face. Face hapo ni ukuta wa mwamba ulio mbele yako. Hakuna mtu anayeguswa sura.

Baruti inayotumika sana kwenye matundu makavu ni ANFO, mchanganyiko wa punje za amonia naitreti, takriban asilimia 94, na dizeli asilimia 6. Amonia naitreti ni kitu kilekile kinachotumika kama mbolea, na hapo ndipo mgeni anapodanganyika: anatazama, haoni cha kutisha. Kwa kuwa macho hayatakutisha, neno likutishe. Bango likisema Charged holes, keep out, usilisome kana kwamba matundu "yako tayari" au "yameunganishwa umeme". Linasema yana mzigo ndani, na mzigo huo ni wa kuua.

Yanayofuata hayana mjadala.

Usivuke utepe wala koni, hata kama choo kiko ng'ambo na njia ya kuzunguka ni ndefu.

Usimjibu yes mtu anayeuliza Is it charged? mpaka umemwuliza With what? Huenda anaulizia betri ya redio. Huenda anaulizia tundu ulilosimama karibu nalo. Sauti ya swali ni moja.

Usichoronge kwenye mabaki ya tundu la mlipuko uliopita. Huenda lilihesabiwa limelipuka kumbe liligoma. Tundu lililogoma, Waingereza wanaliita misfire, linabaki charged hata kama wenzake wote wameshageuka kifusi, hata kama mlipuko ulikuwa wa juzi. Kitenzi kiko katika wakati uliopita. Mzigo uko hapo leo. Nadhani watu wengi wameisoma sarufi hii darasani bila mwalimu kuwaambia kuwa inaweza kumkata mtu miguu.

Ngurumo zikisikika na amri ikatoka Stop charging, ondoka. Usibaki kumalizia tundu moja. Ukanda huu unaopakana na Ziwa Victoria hauna uhaba wa radi, na umeme wa radi unaweza kuamsha fataki bila mkono wa mtu kubonyeza chochote. Tena ujue kwamba umeme huo wenyewe, kama nomino, nao huitwa charge, kwa hiyo sentensi The charge set off the charge ni Kiingereza sahihi kabisa, na katika taarifa ya ajali si kichekesho.

Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu au Mwakitolyo, hakuna bango la Kiingereza, lakini neno lipo kwenye maboksi na kwenye karatasi za maelekezo. Ukilikuta usilitafsiri kwa kubahatisha ili kumfurahisha bosi wa duara. Mwulize aliye na cheti cha ulipuaji. Kama hakuna mwenye cheti, hakuna kazi ya kulipua siku hiyo. Sheria ya Baruti, ya tangu mwaka 1963, haikuandikwa kwa ajili ya migodi mikubwa peke yake. Na usinunue baruti kwa mtu wa pikipiki, hata akikuonyesha maandishi mazuri ya namna gani.

Usiseme no charge kabla hujajua unakana nini.

Taa ya kofia inazimika, kijana anamwambia msimamizi: There is no charge. Msimamizi amesikia kwamba kitu fulani ni bure. Dirishani hospitalini maneno hayohayo yana maana ya huduma bila malipo. Kituoni polisi yana maana kwamba hakuna shtaka. Kwenye mchoro wa matundu ya kulipua yana maana kwamba tundu hilo limeachwa tupu, na hapo mtu anaweza kulikaribia kwa kukuamini wewe.

Kwa hiyo "chaji imeisha" usiichukue nzimanzima ukaipeleka kwenye Kiingereza. Sema The battery is flat, au The battery is dead. Mtu asikutishe kwamba dead ni neno zito mno kwa betri. Waingereza wenyewe wanaiua betri kila siku.

Chunga herufi moja: on charge na on a charge.

Mwisho wa zamu, chumba cha taa, utaambiwa Put your lamp on charge: irudishe taa kwenye rafu yake ipate umeme. Ukiongeza a, mambo yanageuka. Put him on a charge ni kumfungulia mtu shauri la nidhamu, lugha ya jeshi la Uingereza, na wazee wa ulinzi hawajaiacha. Kiingereza cha migodi ya kwetu kina umri: dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa kwanza ulipofungwa mwaka 1966, na Mwadui ilianza baada ya Mkanada John Williamson kugundua almasi mwaka 1940. Mabaki ya lugha ya enzi zile bado yanatembea. Usishangae ukikutana nayo getini.

Ukiandika taarifa ya ajali, usichanganye in charge of na in the charge of.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mtu asiye na hatia anapojifunga kamba mwenyewe.

Anayesema I was in charge of the trainee anakiri kwamba mwanagenzi alikuwa chini yake. Anayesema I was in the charge of the trainer anasema yeye ndiye aliyekuwa chini ya mkufunzi. Tofauti ni neno the peke yake, na katika mwandiko wa haraka, mkono ukitetemeka baada ya ajali, the hudondoka kama si kitu. Tuseme wewe ndiye mwanagenzi. Gari la kubebea mawe limerudi nyuma likagonga tangi la maji. Unataka kuandika kwamba ulikuwa chini ya dereva, unaandika I was in charge of the driver. Umejipandisha cheo kwa kalamu yako, na kwa cheo hicho umejitwisha ajali nzima. Mchunguzi hatakuuliza ulikusudia nini. Atasoma ulichoandika, na ataambatanisha nakala.

Fanya hivi. Acha kabisa umbo lile gumu. Andika The driver was supervising me. Andika I was working under the driver. Sentensi fupi ya mtoto wa darasa la saba inayosema kweli ni bora kuliko sentensi ya wakili inayokutia hatiani. Na kama fomu inaruhusu Kiswahili, andika Kiswahili. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kuumia kwa lugha yao.

Kuhusu inchaji: kwa Kiswahili ni neno letu, tumeshalilipia. Inchaji wa wodi, inchaji wa zamu, kila mtu anaelewa. Ila ukiandika barua ya Kiingereza usimwite mtu our in-charge. Andika the nurse in charge, au She is in charge of the ward.

Na siku ya dharura, ukisikia Take charge! usisubiri kupewa kitu mkononi. Umekabidhiwa usimamizi wa tukio. Anza kupanga watu.

Usiulize bei nusu.

Mtu ndiye anaye-charge, kitu hu-cost. The mill owner charges us by the bag ni sawa. The bag charges us ni kioja. Baada ya charge anaweza kutajwa anayelipa, ndipo kiasi, ndipo for na huduma: They charged me ten thousand for transport. Ukiweka with badala ya for, umesema walikushtaki kwa kosa la usafiri.

Sarufi hiyo ni rahisi. Ngumu ni biashara. Kwenye makarasha ya Geita na Kahama mchimbaji anayeleta mifuko yake ya mawe anatajiwa bei ya kusaga, anaikubali, anaona amejua gharama yote. Lakini kwenye makarasha mengi marudio, lile tope linalobaki baada ya kuosha, hubaki kwa mwenye karasha. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu. Iliyobaki iko kwenye marudio, na baadaye itachenjuliwa kwa sianaidi kwenye vati, mwenye karasha akipata mara ya pili kutoka kwenye jiwe lako. Hilo nalo ni charge, ingawa halikuandikwa popote na hakuna aliyelitamka. Mgeni mwenye mtaji akija kuzungumza nawe kwa Kiingereza, usiishie What do you charge? Endelea: And what do you keep? Mwenye karasha naye, kama ni mwungwana, aandike yote mawili kwenye karatasi moja.

Neno hilohilo lina matumizi ya tatu palepale kwenye karasha: to charge the mill ni kuijaza mashine mawe na vyuma vya kusagia, na mzigo ulio ndani yake huitwa the mill charge. Ukiona kwenye kitabu cha mtengenezaji maximum charge, usidhani ni bei ya juu kabisa ya kusaga. Ni kiasi ambacho ukikizidisha mtambo utachoka kabla yako.

Sokoni nako usiite kila makato charges. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo anaona kwa macho yake kinachokatwa, na kila kimoja kina jina. Mrabaha ni royalty, sehemu ya Serikali kwa sababu madini ni mali ya taifa. Ada ya ukaguzi ni fee, malipo ya kazi iliyofanywa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 ndiyo yaliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuleta ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Mkataba unaosema mnunuzi atalipa all charges lakini ukanyamaza kuhusu royalty unaweza kukuachia wewe mrabaha. Dai neno litajwe.

Usikubali kuwa charged for kabla ya kuonyeshwa hesabu.

Kofia imepotea. You will be charged for the helmet: utalipishwa. You will be charged with losing the helmet: utafunguliwa shauri. Na kuna mwajiri anayetaka yote mawili, akitumia sentensi moja yenye ukungu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara au uharibifu kwa kuamka tu asubuhi akakata. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Mfanyakazi aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kupinga. Makato yote yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Basi ukiona kwenye hati ya mshahara PPE charge, yaani makato ya vifaa vya kinga, au neno lolote la namna hiyo, usinung'unike kantini. Andika barua, uliza: charged for what, and how was it calculated?

Charged to ni kitu kingine: gharama imeandikwa kwenye fungu la idara au akaunti fulani. Charge it to Maintenance. Hakuna aliyeshtakiwa. Tulia.

Usisome charged kana kwamba ni guilty.

Waandishi wa habari wa redio za mikoani, hili ni lenu kwanza. Aliye charged amesomewa shtaka. Aliye convicted ametiwa hatiani. Katikati ya hayo mawili kuna mashahidi, vielelezo, mawakili, na wakati mwingine miaka. Mkitangaza kwamba mtu aliyekamatwa na kilo za dhahabu "amepatikana na hatia" kwa sababu taarifa ya Kiingereza ilisema was charged, mmemhukumu nyinyi, na jirani zake hawatasikia marekebisho yenu ya kesho.

Mfanyakazi naye asikilize. Siku unapopewa barua yenye neno charge, pengine saa ya kutoka zamu, ukiwa na vumbi na njaa, kuna mambo mawili ambayo karatasi hiyo inaweza kuwa inakuomba, na yanafanana sana. I acknowledge receipt of the charge: nakiri kuipokea barua. I admit the charge: nakiri kosa. La kwanza tia sahihi. La pili usitie mpaka umekaa na mtu. Kama huna hakika, andika kwa mkono wako Received juu ya sahihi, weka tarehe na saa, uombe nakala. Anayekukatalia nakala amekuambia jambo muhimu kuhusu barua hiyo.

Kisha ujue haki yako. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka upewe muda wa kutosha kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na uruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Ukifukuzwa na ukaona hukutendewa haki, una siku 30 kufikisha mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Siku 30 zinakimbia. Watu wanazimaliza kwa kumsubiri meneja arudi likizo.

Usiseme I will press charges kwa sababu umeisikia kwenye filamu. Hapa kwetu unatoa taarifa polisi, na uamuzi wa kushtaki uko kwenye ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Sema I will report it.

Usishangilie discharged mpaka ujue ni ya nani.

Dis- inashusha mzigo. Ni mzigo upi, hilo ndilo swali. Mgonjwa akiwa discharged, ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mfanyakazi akiwa discharged, ameachishwa kazi, na yeye anakwenda nyumbani, ila bila furaha. Bunduki ikiwa discharged, imefyatuliwa. Maji ya mgodi yakiwa discharged, yametolewa nje ya eneo, na hapo wanakijiji wana haki ya kuuliza yameelekea mto gani.

Mahakamani ndiko familia zinakoumia. Mshtakiwa anaambiwa you are discharged, ndugu wanapiga vigelegele, na mlangoni anakamatwa upya. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa shauri kwa kutotaka kuendelea nalo, mshtakiwa huachiwa, lakini kuachiwa huko si kinga kamili dhidi ya kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Neno la kushangilia ni acquitted. Mama mzee aliyetoka Bukombe kwa basi la alfajiri aelezwe tofauti hiyo kabla hajakodi gari la kurudia na sherehe.

Mengine, kwa kifupi.

Nyati aki-charge, anakuja. Usitafute chaja. Mantiki ni ileile ya mzigo, amekutupia uzito wake wote.

Kwenye mpira wa miguu, kanuni ya 12 inataja charges miongoni mwa makosa ya kumfanyia mpinzani. Ni kumkumba kwa mwili. Mashabiki wa Geita Gold wanaijua vizuri hata bila Kiingereza.

Overcharge dukani ni kuzidisha bei. Overcharge kwenye tundu ni kuzidisha baruti, na matokeo yake ni mawe kuruka mbali na kuta za jirani kupasuka. Usikubali mtu akupoze kwa kuita la pili "makosa ya hesabu".

Recharge ya vocha ni kuongeza salio. Usiiandike kwenye barua ya kuomba kazi kama ujuzi.

Wakenya katika sheria yao ya ardhi ya mwaka 2012 wanaita rehani ya ardhi charge. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema mortgage. Ukikopa kwa mtu wa Nairobi, soma mara mbili, maana land to be charged haina maana kwamba kiwanja chako kitalipiwa ushuru. Kinawekwa dhamana.

Dai Kiswahili, tena kwa sauti.

Sheria ile ya 2004, kifungu cha 15, inasema mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Haisemi "akipenda". Na tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za Tanzania na ya mahakama zake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mkataba "hauna toleo la Kiswahili" hajakupa sababu. Sema: naomba nielezwe. Ukielezwa, andika tarehe na nani aliyekueleza.

Usimtume mwenzako akutafsirie kwa sababu tu aliwahi kuishi Mwanza au anaangalia sana mpira wa Uingereza. Tafuta mtu atakayekubali kusema "hili silijui".

Redioni, rudisha sentensi nzima.

Kwenye redio ya mgodini, kelele za mtambo zikiwa juu, charge na change hukaribiana mno. Waingereza, Waaustralia na wengi wa Afrika Kusini hawaitamki ile r, na sisi tunaongeza i mwishoni kwa yote mawili, tukamaliza kazi ya kuyachanganya. Change the battery: itoe, weka nyingine. Charge the battery: ipelekwe kwenye umeme. Mtu amekaa saa nzima akisubiri betri ijae wakati gari linangojwa chini shimoni.

Usijibu Copy kwa sentensi ambayo hukuisikia vizuri. Irudie yote, ukitaja kitu na mzigo wake: Charging lamp battery number six, confirm. Kama uko karibu na matundu, lazima neno explosives au neno battery lisikike kabla mtu hajanyanyua mkono. Na akitokea mwenye haraka, awe na kofia nyeupe ama ya kijani, akakuambia Just charge it, usianze kazi. Bonyeza redio, mwulize: Charge what, and with what? Akikasirika, mwulize tena.